Breki Isiyoachia: Somo la Msuguano kutoka Mteremko wa Wampembe

Wampembe iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Uso wa ziwa hilo uko kwenye kimo cha takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga, ulio juu ya uwanda wa Ufipa, uko kwenye kimo cha takriban mita 1,800. Kwa hiyo mtu atokaye uwandani kwa barabara ya Kitosi hadi Wampembe hana budi kushuka mamia ya mita kabla ya kufika ufukoni, na arudipo hana budi kuzipanda tena. Siku hizi wengi husafiri kwa pikipiki. Pikipiki hupandisha magunia ya dagaa na migebuka iliyokaushwa, hushusha unga na maharage, na mara nyingine humpeleka mgonjwa asiyeweza kungoja gari.

Katika safari moja ya kupanda kutoka Wampembe, pikipiki niliyokuwa nimepakiwa ilianza kulemewa. Dereva, kijana mwenye adabu na uzoefu wa njia ile, alishusha gia hadi ya kwanza, na bado injini ilikuwa ikiguna. Akasema, "Samahani mwalimu, injini hii imechoka, na mlima ndio huu." Nilimwomba asimame. Tulipotua niliona kwamba pikipiki haikurudi nyuma hata kidogo, ingawa tulikuwa juu ya mwinuko na dereva hakuwa amebana breki yoyote. Nikadondosha matone machache ya maji juu ya kitovu cha gurudumu la mbele. Maji yalichemka yakatoa sauti, kama yaliyoangukia kikaangoni.

Injini haikuwa na kosa. Breki ya mbele ilikuwa imekamata. Kijana alipolitambua jambo hilo alitoa spana mfukoni na kusema, "Basi niifungue kabisa, mwalimu. Wenzangu wengi hutembea bila hiyo ya mbele." Makala haya yameandikwa kwa sababu ya kauli hiyo. Tutaeleza kwa nini breki hukataa kuachia, jinsi ya kupata mahali penye kosa kwa utaratibu, na kwa nini dawa ya kuifungua ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Mwalimu wa fizikia ataona kwamba karibu kila sura ya somo la kani, kazi na joto imo ndani ya gurudumu hilo moja.

Kushuka ni kuchemsha maji

Tuanze na nishati. Tuseme pikipiki, dereva na abiria wana tungamo la kilo 250 kwa pamoja. Kila wanaposhuka mita 100 za kimo, nishati inayoachwa ni tungamo mara mchapuko wa mvutano wa dunia mara kimo, yaani 250 × 9.8 × 100, ambayo ni jouli 245,000. Kwa mita 1,000 ni jouli 2,450,000. Kiasi hicho kingetosha kuchemsha zaidi ya lita saba za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Sentigredi.

Nishati hiyo haipotei. Kama dereva anataka kufika chini kwa mwendo uleule alioanza nao, yote lazima igeuke joto mahali fulani. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi. Sehemu nyingine huchukuliwa na injini, iwapo dereva ameacha gia ndogo ikiwa imeingia. Sehemu iliyobaki huchukuliwa na breki. Dereva anayeweka gia huru ili apate kuokoa petroli huiondoa injini katika kazi hiyo na kuziachia breki mzigo wake.

Sasa tuangalie masafa ya kusimama. Tuchukue mfano wa barabara ya changarawe iliyo tambarare, ambapo breki zote mbili zikitumika kwa pamoja hupunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, na ya nyuma peke yake kwa mita 2.5. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde, itasimama baada ya mita 15 hivi kwa breki mbili, na baada ya mita 25 hivi kwa breki ya nyuma peke yake. Katika mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi, mvutano wa dunia huondoa takriban mita 1 kwa sekunde kwa sekunde katika kila moja ya tarakimu hizo. Zinabaki 3 na 1.5. Masafa ya kusimama sasa ni mita 20 na nusu kwa breki mbili, na mita 41 kwa breki moja. Mteremko umeifanya tofauti kuwa maradufu. Tukumbuke pia kwamba pikipiki ipunguzapo mwendo uzito huegemea mbele, na ikiwa inashuka uzito huegemea mbele zaidi. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi na huteleza upesi. Anayefungua breki ya mbele amelinyang'anya kazi gurudumu lenye mshiko, akalibebesha lile lisilo na mshiko.

Breki ina kazi mbili

Watu wengi wakiulizwa kazi ya breki hujibu kuwa ni kubana. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kazi ya pili ni kuachia, na hiyo ndiyo iliyo ngumu zaidi kwa fundi.

Pikipiki nyingi ndogo zitumikazo vijijini zina breki ya ngoma katika gurudumu la mbele. Ndani ya kitovu mna ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo havizunguki. Kila kiatu kimevikwa bitana, yaani tabaka gumu la kusugulia. Ncha za viatu upande mmoja zimeegemea pini. Ncha za upande wa pili zimebana kemu, ambayo ni kipande cha chuma chenye pande mbili bapa. Dereva avutapo mkono wa breki kwenye usukani, waya hupita ndani ya ala yake hadi kwenye mkono wa chini, mkono huo huzungusha kemu, na kemu huvitanua viatu hadi viguse ngoma. Dereva aachiapo, springi zilizounganisha viatu huvirudisha ndani.

Hii ni mifano miwili ya wenzo iliyofuatana. Tutumie vipimo vya kukisia ambavyo mwanafunzi anaweza kuvipima mwenyewe. Vidole hushika mkono wa breki sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, na waya umefungwa sentimita 2.5 kutoka egemeo hilo. Kani huongezeka mara 4. Mkono wa chini una urefu wa milimita 60, na upande wa kemu uko milimita 5 kutoka katikati. Kani huongezeka mara 12. Kwa jumla ni mara 48. Vidole vikivuta kwa kani ya nyutoni 100, kemu huvisukuma viatu vyote viwili kwa jumla ya nyutoni 4,800, kabla ya kutoa hasara ya msuguano wa njiani.

Lakini mashine haitoi kitu bure. Kani ikizidishwa, mwendo hugawanywa. Vidole vikienda milimita 24, waya huenda milimita 6, na ncha ya kiatu huenda nusu milimita tu. Katikati ya kiatu, mwendo ni robo milimita, unene wa karatasi tatu hivi za daftari. Nafasi kati ya bitana na ngoma ni ndogo kiasi hicho. Waya ukikosa kurudi milimita chache tu, nafasi yote imekwisha na breki inakokota.

Hapa ndipo lilipo jambo kuu la makala haya. Wenzo unaomsaidia dereva kubana huzipinga springi zinapotaka kuachia. Tuseme waya umeingia kutu na vumbi, ukawa na msuguano wa nyutoni 10 ndani ya ala, yaani sawa na uzito wa kilo moja. Dereva avutapo, msuguano huo umegawanywa kwa 4. Vidole vyake huuhisi kama uzito wa gramu 250, wala hatautambua. Lakini springi zivutapo kurudi, msuguano huohuo umezidishwa kwa 12. Kwao ni nyutoni 120, sawa na uzito wa kilo 12. Kasoro ambayo mkono wa mwanadamu hauioni ni mlima mbele ya springi. Ndiyo sababu dereva huapa kwamba breki yake ni laini na haina tatizo, ilhali gurudumu limekamatwa.

Mtego wa kushuka na kupanda

Barabara ya mlima ina mtego mwingine, na naamini ndio uliotunasa siku ile. Chuma kikipata joto hupanuka. Ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 130, ikiongezewa joto la nyuzi 100, hupanuka kipenyo kwa takriban milimita 0.15. Kila upande ngoma imejitenga na kiatu kwa milimita 0.08 hivi, karibu theluthi moja ya ile nafasi ya robo milimita. Viatu navyo hupata moto, lakini bitana haipitishi joto kwa wepesi, hivyo ngoma hutangulia kupanuka.

Basi dereva afikapo Wampembe jioni, baada ya kushuka kwa muda mrefu, huona mkono wa breki umekuwa mrefu: inambidi auvute karibu na usukani ndipo breki ishike. Anachukua spana, anakaza nati ya kurekebishia, na breki inakuwa nzuri. Usiku ngoma inapoa na kusinyaa. Asubuhi nafasi aliyoiondoa kwa spana haipo tena, na viatu vinagusa. Anaanza kupanda mlima, injini inalemewa, naye anausingizia mlima. Akigundua ukweli akiwa katikati ya mwinuko, anafungua breki yote. Akishuka mara nyingine anashuka na breki moja.

Hasara ya kukokota si ndogo. Tuseme breki inazuia ukingo wa tairi kwa kani ya nyutoni 20 tu, sawa na uzito wa kilo mbili. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nguvu inayoliwa ni 20 × 11.1, yaani wati 222, zaidi ya balbu mbili za wati 100 zikiwaka ndani ya kitovu. Kwa saa moja ni jouli 800,000. Lita moja ya petroli ina takriban jouli milioni 32, na tukikadiria kuwa injini ndogo hugeuza sehemu moja tu ya tano kuwa mwendo, breki hiyo hunywa takriban sehemu moja ya nane ya lita kwa kila kilomita 40. Wakati huohuo bitana huungua na kuwa laini kama kioo, grisi ya beringi huyeyuka, na breki hupoteza uwezo wa kubana pale inapohitajika kweli.

Kutafuta kosa kwa kugawa mara mbili

Fundi asiye na utaratibu hufungua kila kitu. Fundi mwenye utaratibu huugawa mnyororo wa vifaa katika sehemu mbili, akauliza kosa liko upande gani, kisha akaugawa upande huo tena. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, hakikisha kwamba breki ndiyo yenye kosa. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gogo au jiwe bapa chini ya injini hadi gurudumu la mbele liinuke, kisha lizungushe kwa mkono. Gurudumu zima huzunguka mara kadhaa na kusimama polepole. Sikiliza: bitana inayosugua hutoa mlio mwembamba kama wa msasa, beringi mbovu hunguruma, na ukilishika gurudumu juu na chini utaliona linachezacheza.

Pili, legeza kabisa nati ya kurekebishia, hadi waya ulegee. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Gurudumu likiachia, kosa liko juu: katika marekebisho, waya, au mkono wa usukani. Gurudumu lisipoachia, kosa liko ndani ya kitovu.

Tatu, ikiwa kosa liko juu, geuza usukani kushoto na kulia huku msaidizi akizungusha gurudumu. Breki ikibana upande mmoja na kuachia upande wa pili, waya umepitishwa vibaya au ala yake imebanwa. Isipobadilika, chomoa waya katika ncha zote mbili na uuvute kwa vidole. Waya mzima huteleza kwa uzito wake wenyewe. Ukikwaruza, umeingia kutu au nyuzi zake zimeanza kukatika. Mwisho chunguza egemeo la mkono wa usukani. Pikipiki iliyowahi kuanguka mara nyingi huwa na mkono uliopinda.

Nne, ikiwa kosa liko ndani, angalia kama gurudumu hukamata wakati wote au mahali pamoja tu katika kila mzunguko. Likikamata mahali pamoja, ngoma haiko mviringo sawasawa au spoki zimekazwa bila ulinganifu. Huenda pia sahani inayobeba viatu haikukaa katikati. Legeza nati ya ekseli, bana breki kwa nguvu ili viatu vijipange ndani ya ngoma, na huku umeibana kaza nati tena. Dawa hii haigharimu hata senti moja, na mara nyingi huponya gurudumu lililofungwa vibaya baada ya kuzibwa pancha.

Tano, likikamata wakati wote, toa gurudumu na utazame viatu. Zungusha mkono wa chini kwa kidole: kemu iliyokauka grisi au kuingia kutu haitarudi upesi. Tazama springi kama zimetanuka au zimekatika. Tazama unene wa bitana. Bitana ikiisha sana, kemu hulazimika kugeuka mno ili kuvifikisha viatu kwenye ngoma, na kwa pembe hiyo springi hushindwa kuirudisha.

Matengenezo kwa vifaa vilivyopo

Waya uliokauka huweza kuponywa kama nyuzi zake hazijakatika. Uning'inize wima, funga kifuko kidogo cha nailoni kwenye ncha ya juu ya ala kama faneli, mimina oili ya injini iliyo safi, na uuache usiku kucha hadi oili itokeze chini. Waya uliokatika hata uzi mmoja ubadilishwe, usiunganishwe.

Kemu itolewe, ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, na kutu yake iondolewe kwa msasa mwembamba. Ipakwe grisi kidogo sana, tabaka jembamba tu. Grisi ikizidi, joto litaiyeyusha na kuimwaga juu ya bitana, na hapo breki iliyokuwa ikikokota itageuka kuwa breki isiyoshika. Bitana iliyong'aa kama kioo ikwaruzwe kwa msasa. Bitana iliyolowa oili haifai tena.

Vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo. Baadhi ya bitana, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kusababisha saratani. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa hicho kifukiwe.

Mwisho ni marekebisho, nayo yafanywe breki ikiwa imepoa. Kaza nati hadi gurudumu lianze kusugua, kisha uirudishe polepole hadi lizunguke bila mlio. Ncha ya mkono wa breki ibakiwe na nafasi ya sentimita mbili au tatu kabla breki haijaanza kushika. Kisha endesha kilomita moja katika njia tambarare bila kutumia breki ya mbele, na udondoshe maji kwenye kitovu. Usijaribu kwa kiganja. Kitovu kilichopata moto huunguza.

Breki ya diski

Pikipiki nyingine zina breki ya diski upande wa mbele. Hapa waya umebadilishwa kwa mafuta ya breki, na wenzo wa pili umebadilishwa kwa kanuni ya Pascal: kanieneo katika kiowevu kilichofungiwa husambaa sawa kila upande. Pistoni ya juu ikiwa na kipenyo cha milimita 12.7 na ile ya chini milimita 25.4, eneo la ya chini ni mara 4, na kani huongezeka mara 4.

Kinachoachia breki hii humshangaza kila mwanafunzi, kwa maana hakuna springi ya kuivuta pistoni ya chini. Kuna pete ya mpira inayoizunguka. Pistoni isukumwapo, mpira hupinda pamoja nayo. Kanieneo likiondoka, mpira hujinyoosha na kuirudisha pistoni kwa sehemu ndogo ya milimita. Uchafu au kutu kidogo juu ya pistoni hutosha kuushinda unyumbufu wa mpira huo.

Sababu ya pili iko juu, kwenye silinda ya usukani. Mna kitundu chembamba kinachoyaruhusu mafuta kurudi kwenye kikombe chake mkono wa breki uachiwapo. Kitundu kikizibwa na uchafu, au mkono usiporudi hadi mwisho, mafuta hufungiwa chini. Breki ikokotapo, mafuta hupata joto na kupanuka. Yakipanuka yanabana zaidi. Yakibana zaidi joto linaongezeka. Hivyo breki hujibana yenyewe hadi gurudumu lizuie kabisa. Dereva akingoja nusu saa, mafuta hupoa na gurudumu huachia, naye huondoka akidhani kosa limekwisha.

Hapa pia fundi hugawa mara mbili. Gurudumu likiwa limekamata, afungue kidogo skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kanieneo lilikuwa limefungiwa, na kosa liko katika kile kitundu, mkono wa breki au mpira wa kupitishia mafuta. Gurudumu lisipoachia, pistoni imekwama, au pini ambazo kalipa hutelezea juu yake zimekauka. Baada ya kazi hiyo hewa yote itolewe katika mfumo kabla pikipiki haijaendeshwa.

Kuna maonyo mawili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka katikati ya mteremko, mvuke hujaa ndani, na mvuke hubonyezeka: mkono wa breki hufika hadi kwenye usukani bila kitu kutokea. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi dukani isitumike. Pili, kamwe usijazie oili ya injini wala mafuta ya taa. Mafuta hayo huvimbisha mpira wa breki hizi, na mpira uliovimba hauachii tena.

Jaribio la darasani

Shule haihitaji maabara ya gharama kwa somo hili. Inua gurudumu la mbele la pikipiki, zungushia uzi mgumu juu ya tairi, funga ncha yake kwenye mizani ya springi, na uvute polepole hadi gurudumu lizunguke kwa mwendo usiobadilika. Soma kani. Izidishe kwa mita 11.1 kwa sekunde upate wati zinazoliwa pikipiki iendapo kilomita 40 kwa saa. Kisha kaza nati ya breki mzunguko mmoja na usome tena, halafu mwingine. Wanafunzi wachore grafu ya kani dhidi ya mizunguko ya nati. Wataona kani haibadiliki mwanzoni, kisha inapanda ghafla. Mahali grafu inapopinda ndipo nafasi ya robo milimita ilipokwisha. Jaribio likimalizika, mwalimu ahakikishe kuwa breki imerudishwa katika marekebisho yake sahihi.

Siku ile mlimani hatukuwa na mizani. Tulingoja breki ipoe, tukalegeza nati hadi mwisho, na gurudumu likaachia. Kosa, basi, lilikuwa juu. Kijana alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akadondosha matone machache kwenye ncha ya waya, akavuta na kuachia mkono wa breki mara nyingi hadi waya ulipoanza kurudi wenyewe. Akakaza nati upya mpaka gurudumu lilipozunguka bila mlio. Kazi yote haikuchukua nusu saa. Tulipoendelea kupanda, gia ya pili ilitosha mahali ambapo ya kwanza ilikuwa imeshindwa.

Jioni ileile alikuwa na abiria wa kurudi naye Wampembe. Alishuka na breki zote mbili.